Neno Mgongoni mwa Kidoti

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na Shangazi leo asubuhi. Jalada la kijani, kurasa mia mbili, mistari myembamba kama ninavyopenda. Nilifurahi kwa muda wa dakika tatu hivi. Kisha akatoa la pili kwenye mfuko, la bluu, akampa mdogo wangu Kidoti, ambaye maishani mwake hajawahi kumaliza hata kuandika orodha ya vitu vya dukani.

"Anzeni na tarehe," Shangazi alisema. "Bila tarehe, baada ya mwezi mtu anaanza kujidanganya mwenyewe."

Haya, naanza. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa tatu wa sekondari. Nyumbani naitwa Maktaba. Jina hilo alinipa Kidoti, na yeye anaitwa Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi alilozaliwa nalo shavuni. Watu wakikutana naye huliangalia doa, halafu hutabasamu. Wakikutana na mimi huangalia viatu vyangu.

Kidoti ana miaka kumi na minne na ana saratani ya tezi. Ilianza na uvimbe shingoni, mwaka jana mwishoni. Kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, anakwenda hospitali kutundikiwa dripu yenye dawa nne. Zinatakiwa dripu kumi na mbili. Amemaliza mbili. Baba ni dereva wa lori la safari ndefu, tunamwona mara moja kwa mwezi. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha mbele. Ndiyo maana Shangazi, dada yake Baba, amehamia kwetu.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Wanafunzi wake wa zamani wanamwita Mwalimu Kiboko, na si kwa sababu ya mnyama. Leo tulipotoka dukani alisimamishwa na mwanamume mzima mwenye kitambi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi kila nikikaa nakukumbuka."

"Marahaba. Saba mara nane?"

Jamaa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jibu hakutoa.

Mvua ya kwanza imeanza jioni hii.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Hesabu, nimepata tisini na mbili. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Dripu ya tatu. Mama na Shangazi wamekwenda naye, mimi nimebaki kulinda nyumba. Wamerudi jioni, Kidoti amebebwa mgongoni na Shangazi kuvuka tope la mbele ya mlango. Mgongoni! Mimi nilipovunjika kidole Shangazi aliniambia, "Tembea, hujavunjika mguu."

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya leo niiandike vizuri ili nisijidanganye.

Tangu nikiwa na miaka minane, Jumamosi saa nne asubuhi ni yangu na Shangazi. Nilikuwa nakwenda kwake kwa miguu, tunasoma, yeye ukurasa, mimi ukurasa. Kamusi yangu ni yeye aliyenipa. Alipohamia kwetu nilijiambia, basi sasa hata kutembea hakuna.

Leo saa nne nilikwenda chumbani na kitabu chetu, kile tulichofika katikati. Shangazi alikuwa ameshakaa kando ya kitanda cha Kidoti, karibu na dirisha (kitanda hicho kilikuwa changu, nimehamishiwa upande wa kabati kwa sababu mgonjwa anahitaji hewa). Alikuwa anamsomea. Kitabu kingine. Kidoti alikuwa amefumba macho na mdomo wazi.

"Amelala," nilisema.

"Najua," Shangazi alijibu, akaendelea kusoma.

Nilisimama pale na kitabu chetu mpaka mkono ukachoka.

Jumanne, 12 Machi

Shuleni wamemtengenezea Kidoti kadi. Darasa zima limetia sahihi, pamoja na wavulana wa timu ya mbio, kwa sababu kabla ya kuugua alikuwa mkimbiaji wao wa kwanza. Mwalimu wa hesabu alinipa mimi niipeleke. "Wewe ndiye dada yake Kidoti, siyo?" Ananifundisha mwaka wa pili huu.

Ijumaa, 15 Machi

Nywele zake zimeisha. Kichwa chake ni kizuri. Hata hapo!

Alhamisi, 21 Machi

Dripu ya nne. Mvua imekatika kwa siku moja ili apite, nadhani.

Jumapili, 24 Machi

Nimepewa kazi. Ngozi ya Kidoti imekauka kwa sababu ya dawa, kwa hiyo kila jioni apakwe mafuta, na mgongo haufikii. Mama yuko kwenye cherehani, Shangazi yuko jikoni, basi mgongo ni wangu.

Leo nimeona kitu. Bega la kushoto, mistari mitatu. Imesimama sambamba, rangi nyeusi kuliko ngozi yake, kila mmoja mrefu kama penseli mpya. Nilipitisha kidole, haijachubuka wala haijavimba.

"Nani kakuchapa?" nilimtania.

"Nawashwa tu. Najikuna." Kisha akageuka haraka. "Maktaba, usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Wakiona kitu kipya watasimamisha dripu. Yule kaka wa kitanda cha jirani walimsimamishia, ikabidi asubiri mwezi. Mimi nimebakiza nane. Nimezihesabu. Nataka zipungue tu."

Nilikubali. Nataka kuandika kwamba nilimhurumia, lakini tarehe iko hapo juu inanitazama. Nilikubali kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu augue kuna kitu chake ambacho Mama hakijui na Shangazi hakijui. Ninacho mimi peke yangu.

Jumatano, 27 Machi

Mistari sita. Mitatu bega la kushoto, miwili kiunoni, mmoja umepita juu ya uti wa mgongo. Naiandika hapa kama mtu anayehesabu nyota.

Jumamosi, 30 Machi

Saa nne, Shangazi kwa Kidoti. Nimekwenda kusoma peke yangu chini ya meza ya Mama ya kukatia vitambaa. Mama alinikanyaga, akasema, "Lo, kumbe uko hapa."

Mistari: tisa. Anajikuna na rula ya mbao ya Mama. Rula haikwaruzi, ina ncha butu, lakini palipopita rula leo, baada ya siku mbili tatu panatokea mstari. Nimegundua hilo mwenyewe, kwa kulinganisha tarehe.

Jumanne, 2 Aprili

Kidoti anakohoa. Kikohozi kikavu, anajificha chooni na kufungua bomba tusisikie. Mimi nasikia kwa sababu upande wa kabati, nilikohamishiwa, umepakana na choo. Sijasema. Akikohoa mbele ya Shangazi ataletewa chai ya tangawizi na mto wa tatu, na mto wa tatu ni wangu.

Alhamisi, 4 Aprili

Dripu ya tano. Mkono ndio wanaoutazama, mgongo hawautazami.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua kubwa tangu asubuhi, bati linapiga kelele mpaka Mama amezima cherehani kwa sababu hasikii sindano. Shangazi alikwenda benki kwenye foleni ya pensheni. Tulikuwa wawili tu chumbani.

"Tucheze barua," Kidoti alisema.

Mchezo huu tuliucheza tukiwa wadogo sana. Mmoja analala kifudifudi, mwingine anaandika neno mgongoni kwa kidole, herufi moja moja, aliyelala anabahatisha. Zamani nilikuwa namshinda kila mara.

"Tumia kucha," alisema. "Nawashwa. Utanisaidia huku unacheza."

Nilianza na MVUA. Akapata. Nikaandika CHAI. Akapata. Nikaandika TWIGA, akasema "tikiti," tukacheka. Halafu akasema, kwa sauti ya usingizi, "Jana Shangazi ameniambia nikipona atanipeleka kuona bahari. Mimi na yeye tu. Hata Mama hatumchukui."

Sikumbuki nilifikiri nini. Nakumbuka mkono. Niliandika herufi nne, kubwa, kuanzia bega hadi bega, na nilikandamiza kucha kuliko mchezo unavyotaka. NAMI.

Kwenye M alicheka, akatikisika.

"Nani," alisema.

"Nini?"

"Neno. Ni NANI."

"Ndiyo," nilijibu. "Umepata."

Jumanne, 9 Aprili

Kidoti ana homa. Ikipanda mpaka kesho ataenda hospitali hata kama si Alhamisi yake.

Jumatano, 10 Aprili

Ilipanda. Shule nimekosa, nimeandamana nao kubeba mfuko.

Chumba cha vipimo kina kiti kimoja, kitanda kirefu chenye karatasi juu yake, na mzani. Nesi ni yule mwenye sauti ya upole anayewaita wagonjwa wote "mwanangu". Alitaka kusikiliza mapafu. Akapandisha blauzi ya Kidoti, akaweka kile chombo cha masikioni mgongoni, halafu akakitoa.

Aliipandisha blauzi zaidi, akatazama tena.

"Mwanangu," alisema, "nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga."

"Usiogope. Hapa uko salama."

"Siogopi. Najikuna."

"Kucha haziachi alama hizi. Hizi nazijua." Aligeuka akatutazama mmoja mmoja: Mama, Shangazi, mimi. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alisogea, akagusa mistari kwa ncha ya kidole kama anavyogusa kitambaa kutafuta kasoro. Leo ni kumi na minne. Najua kwa sababu niliihesabu mwenyewe.

Wakati huo huo mlango ulifunguliwa na dereva wa gari la wagonjwa akachungulia. Akamwona Shangazi, akafurahi kweli kweli. "Mwalimu Kiboko! Shikamoo! Bado mkono una nguvu?"

Hakuna aliyecheka. Yule mtu aliondoka bila kujua amefanya nini.

Nesi aliandika jambo kwenye karatasi, kwa muda mrefu. Kidoti alikuwa analia sasa: "Jamani, sijapigwa, mbona hamsikii?" Na kadiri alivyolia ndivyo alivyoonekana kama mtoto aliyetishwa. Nilikuwa nimekumbatia mfuko. Ningeweza kusema pale pale, imeanza tarehe ishirini na nne, bega la kushoto, mitatu. Lakini wangeuliza kwa nini nimekaa nayo siku kumi na saba.

Na niandike na hili. Nilimtazama Shangazi akiwa amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, nikafikiri: haya sasa, mpeleke bahari.

Homa ilikuwa ya mafua tu. Tumerudi na vidonge.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama na Shangazi chumba cha mbele, mlango umefungwa. Nilikuwa upande wa pili.

"Wifi, sisemi ni wewe."

"Unasema nini basi?"

"Nasema mimi niko kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni. Baba yao yuko barabarani. Ni nani anayebaki na mtoto?"

"Mimi."

"Na mtoto akikataa dawa? Akitapika juu ya shuka uliyofua sasa hivi? Wifi, binadamu huchoka. Niambie tu umechoka, nitaelewa."

Kisha Shangazi akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Nimeshika fimbo miaka thelathini. Niliamini ni kazi. Nilipostaafu niliitia jikoni, nikapikia uji, na tangu hapo sijamgusa mtoto wa mtu. Lakini nikisema hivyo nani ataniamini? Hata mimi ningekuwa wewe nisingeniamini."

Cherehani ilianza kulia. Mama hushona akitaka kulia.

Jumamosi, 13 Aprili

Shangazi ameondoka. Ilikuwa saa nne kasoro. Mfuko mmoja na mwavuli. Kidoti alimshika gauni, ikabidi Mama amfungue vidole.

Mlangoni alinigeukia. Nilidhani ataniuliza. Yeye hujua mtu akiwa na jambo, alikuwa akijua hata nani amekula chaki. Alisema tu, "Unaandika?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Tarehe?"

"Naweka."

"Vizuri." Akafungua mwavuli.

Saa nne ilipofika nilikaa kitandani na kitabu chetu. Hakuna wa kusoma ukurasa wake.

Jumatatu, 15 Aprili

Amekuja ofisa wa ustawi wa jamii. Mwanamke mfupi, viatu vya mvua, faili la njano. Aliuliza nani analala wapi, nani anapika, nani anamwogesha. Alipofika kwangu aliuliza, "Na wewe unaelewana vipi na mdogo wako?" Nikasema, "Vizuri." Akaandika.

Kabla ya kuondoka alimwambia Mama kwamba Alhamisi, baada ya dripu, Kidoti hatarudi nyumbani. Atapelekwa katika kituo cha watoto mpaka uchunguzi uishe. Inaweza kuwa mwezi au miwili.

"Ni mgonjwa!" Mama alisema. "Nani atampaka mafuta mgongoni?"

"Kuna walezi, mama."

Kidoti alinitazama mimi, si Mama wala yule ofisa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefungua mafuta jioni, nikapandisha blauzi, na chupa ikaniponyoka.

Imetokea. Kuanzia bega hadi bega, nyeusi, imepinda kidogo kwenye M kwa sababu pale alicheka. Inasomeka mpaka mlangoni. Mistari ya rula hutoka siku mbili tatu; hili limekawia siku kumi, sijui kwa nini.

"Nini?" Kidoti aliuliza.

"Hamna. Chupa imeteleza."

NAMI. Ni mwandiko wangu. Ile N ninayoanzia chini, ambayo Shangazi amenikataza tangu darasa la tatu.

Hakuna fimbo inayoandika. Mtu yeyote mwenye macho ataona kwamba ngozi hii inafanya jambo lake yenyewe, na kwamba Shangazi hakumpiga mtu. Kinachotakiwa ni mtu wa kusema neno hili liliandikwa lini, na nani, na kwa nini.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimesoma daftari hili lote toka mwanzo. Sijampenda msichana aliyeliandika.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilimwambia Mama nakwenda nao. Alisema shule. Nikasema nakwenda. Sijawahi kumjibu Mama hivyo, nadhani ndiyo maana alininyamazia.

Ofisa alikuwa ameshafika, na faili. Nesi alikuwa anatayarisha dripu ya sita. Nilisema, "Subirini," lakini nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na sauti yangu ya kawaida haimfikii mtu. Nesi akafungua sindano. Basi nikamshika mkono. Nesi mzima, nimemshika mkono!

"Msimtundikie kwanza. Tazameni mgongo."

Nikapandisha blauzi mwenyewe. Ofisa alisoma kwa sauti: "Na-mi." Nesi akasema, "Yesu wangu," akakaa kwenye mzani.

"Nimeandika mimi," nilisema. "Kwa kucha, tarehe sita. Ulikuwa mchezo. Siku hiyo hapakuwa na alama, hapakuwa na damu. Imetokea juzi."

Waliita daktari wa ngozi kutoka ghorofa ya juu. Ni mama mmoja mwembamba, mzee kidogo, amevaa kandambili na koti lenye mfuko uliochanika. Aliuangalia mgongo wa Kidoti kwa kioo cha kukuzia, akiguna. Alionekana kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani sokoni.

"Nimeiona mara mbili tu maishani," alisema. "Hii ya tatu. Katika zile dawa nne kuna moja ambayo, kwa watu wachache sana, inakaa kwenye ngozi. Panapokunwa, hata kidogo, panaandikika. Mnajua kwenye vitabu inaitwaje? Jina lake linatokana na mjeledi. Hata waliompa jina walidhani wagonjwa wao wamechapwa." Akamgeukia nesi, si kwa ukali. "Usijilaumu. Wewe ulifanya kazi yako."

Kisha akauliza swali nililokuwa nimelijua tangu jana. "Ninahitaji kujua ilianza baada ya dripu ya ngapi, na ikaongezeka vipi. Nani anakumbuka?"

Mama alitikisa kichwa. Kidoti alisema, "Kabla ya mwezi wa nne?"

Nilitoa daftari la kijani kwenye mfuko.

"Nisomee," daktari alisema, akakaa.

Nilisoma. Jumapili, ishirini na nne Machi, bega la kushoto, mistari mitatu. Nikaruka. Jumatano, ishirini na saba, mistari sita. Nikaruka.

"Unaruka," alisema daktari.

"Ni mambo yangu tu."

"Binti, sijui bado jambo gani ni lako na jambo gani ni la mgonjwa. Soma yote."

Nimesoma bila kuruka. Nimesoma mbele ya Mama, mbele ya nesi na ofisa, mbele ya Kidoti aliyekuwa amekaa na mgongo wazi. Nimesoma kitanda cha dirishani. Nimesoma "hata hapo!" na kila mtu akamtazama kichwa. Sauti yangu ilikuwa inakwenda yenyewe kama cherehani. Nilipofika tarehe mbili Aprili, kikohozi kikavu, chooni, bomba, daktari aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Ni kweli unakohoa?" alimuuliza Kidoti.

"Kidogo. Nikipanda ngazi zaidi."

Daktari alisimama. Uvivu wote ulimtoka. Alisema dawa hiyo hiyo inayoandika ngozi, ikitaka, inaweza kushika mapafu, na kikohozi kikavu ndicho kinachotangulia. Leo haitundikwi. Kwanza picha ya kifua, sasa hivi, na wamwite daktari wa saratani. Kidoti aliondoka kwenye kiti cha magurudumu, Mama nyuma yake akikimbia na kiatu kimoja.

Tulisubiri saa tatu. Ofisa alikaa karibu nami kwenye benchi, faili mapajani. Mwisho akalifunga. "Nilikuuliza mnaelewana vipi," alisema. "Ukasema vizuri."

"Nilidanganya."

"Mm," alisema. "Sina hakika."

Picha imeonyesha mapafu yameanza kuguswa, chini, upande wa kulia. Kidogo. Wamewahi. Dawa hiyo moja inaondolewa kabisa, zile tatu zitaendelea wiki ijayo, na zilizotundikwa zinahesabiwa, haanzi upya. Kidoti aliposikia zinahesabiwa aliangua kilio ambacho hakulia hata siku ya kupoteza nywele.

Anarudi nyumbani nasi. Ofisa ameandika hivyo kwa mkono wake.

Njiani Mama alitazama barabara tu. Kidoti ndiye aliyesema, akiwa ameniegemea, "Maktaba. Kumbe unanisoma mimi kuliko vitabu."

Nilikumbatia mfuko wenye daftari.

"Na hukuandika NANI," alisema. "Nilipata sifuri, ukaniambia nimepata."

Jumamosi, 20 Aprili

Mama na mimi tumekwenda kwa Shangazi. Mama alivaa gauni lake la maana, alipiga magoti sakafuni kabla hajakaribishwa, akasema, "Wifi, nimekukosea." Shangazi alimwinua kwa makwapa. "Simama bwana, sakafu ina maji." Wakacheka, wakalia, sikujua nitazame wapi.

Nilimpa daftari. Nilimwambia asome, kwa sababu wengine wameshasikia sehemu yake, na yeye ndiye aliyemo zaidi.

Alivaa miwani. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, kama anavyosahihisha. Ilimchukua chai mbili. Mama alijifanya anaangalia mapazia. Alipofika tarehe kumi, pale nilipoandika "haya sasa, mpeleke bahari," alisimama kidogo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hii N yako," alisema mwishoni, "bado unaianzia chini."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ungeiandika nilivyokufundisha, labda asingeichanganya na M." Akafunga daftari, lakini hakunirudishia mara moja. "Unajua kwa nini nilikuwa namsomea akilala? Nilikuwa naogopa nikinyamaza nitasikia anavyopumua. Wewe sikukuogopea. Nilikuona una afya, una vitabu, nikakuweka pembeni kama kitu kisichoharibika. Hilo ni kosa langu, na liweke tarehe."

Nimeliweka.

Alhamisi, 25 Aprili

Dripu ya sita, dawa tatu. Nimekwenda mimi na Shangazi, ambaye amerudi kwetu. Nesi mpole ameniletea kiti.

Jumamosi, 27 Aprili

Saa nne. Kidoti alitufukuza wote wawili chumbani, mimi na Shangazi. "Nendeni mkasome huko, mnanipigia kelele." Tumesoma chini ya meza ya kukatia, Shangazi magoti yakimlia. Ukurasa wake, ukurasa wangu. Bado nilisikiliza kama Kidoti anakohoa. Hakukohoa.

Nisijidanganye: Shangazi alipoinuka mara mbili kwenda kumchungulia, niliumia mara mbili. Ila mara ya pili nilimfuata.

Alhamisi, 9 Mei

Dripu ya saba. Mvua zinaisha, tope la mlangoni limekuwa gumu.

Jumapili, 12 Mei

Mafuta jioni. Mistari imeanza kufifia, lakini neno bado lipo. Daktari wa ngozi amesema linaweza kukaa miezi, labda zaidi. Nilimwambia Kidoti samahani, kwa mara ya kumi pengine.

"Acha bwana. Wengine wanalipia kuchorwa." Akavuta blauzi chini. "Haya, lala wewe."

"Mimi sina haja ya mafuta."

"Lala, nimesema."

Nililala kifudifudi kwenye kitanda cha dirishani, ambacho zamani kilikuwa changu. Akakaa kando. Kucha zake zimekuwa na mistari myeusi kwa sababu ya dawa, na ni laini, hazikwaruzi. Aliandika taratibu, kuanzia bega hadi bega, herufi nne. Mbili za kwanza nilizitambua kabla hajazimaliza. Ya tatu ilikuwa kama M iliyopinduliwa. Nilipata, lakini sikusema, kwa sababu sikutaka atoe mkono.

"Umeshindwa?" aliuliza.

"Rudia."

Akarudia.

Jumatano, 15 Mei

Siku tatu. Nimejitazama kwa vioo viwili, cha Mama na cha kabati. Mgongo wangu hauna kitu. Ngozi yangu haitunzi.

Naliandika hapa basi, N nikiianzia juu: NAWE.